Ukitoa alivyovikuta, kamanda anabaki na nini?

Ubishi wa kamanda gani alikuwa mkali kuliko wote huwa unaishia pale pale. Mmoja anamtaja Alexander kwa sababu hakuwahi kushindwa, mwingine Napoleon maana alipigana mara zaidi ya 50 na nyingi akashinda, wa tatu akithubutu kusema Hannibal wa Carthage, ule mji wa Afrika Kaskazini uliopigana na Roma, anarukiwa hapo hapo, huyo si alichapwa Zama? Inakuwa kama kuhesabu magoli. Shida ni kwamba huyo huyo aliyechapwa ndo anasomwa kwenye vyuo vya kijeshi mpaka leo, na wapo majenerali kibao ambao rekodi zao ni safi na hakuna anayewakumbuka, kwa sababu walipigana na watu waliochoka, au walipewa jeshi mara tatu ya la adui, au walikufa kabla mambo hayajawageukia.

Na Kiswahili chetu kinatuponza kidogo hapa. Cannae, pale Hannibal alipowamaliza Waroma, tunaiita vita, siku moja tu ile, na ile miaka 17 ambayo Roma na Carthage walikuwa wanamalizana nayo tunaiita vita, kwa hiyo mtu akisema fulani alishinda vita hujui anaongelea mchana mmoja au kizazi kizima. Hapa nitasema pigano kwa lile la siku moja, vita nitaiachia ile nzima, maana unaweza kushinda karibu kila pigano halafu vita yenyewe ikakushinda.

Mimi nikitaka kumpima kamanda huwa naanza na kutoa. Toa jeshi alilorithi, toa uzembe wa adui, toa bahati ya siku hiyo, halafu angalia kimebaki nini. Alexander ndo mfano rahisi. Alipokalia kiti cha baba yake mwaka 336 KK akiwa na miaka 20 hakuunda jeshi, alilikuta. Baba yake, Philip wa Pili, alikuwa ametumia zaidi ya miaka 20 kuwageuza wakulima na wachungaji wa Macedonia kuwa askari wa kazi, akawapa sarissa, ule mkuki wa mita 5 na kitu unaoshikwa kwa mikono miwili, akawazoesha kutembea na mizigo yao mgongoni badala ya kuburuza msururu wa mikokoteni na watumishi, akajenga na kikosi cha farasi cha kuvunja ubavu wa adui. Hata mafundi wa mitambo ya kubomoa kuta walikuwepo tayari. Ukivitoa hivyo vyote unadhani Alexander anaisha, kumbe haishi. Inabaki Tyre, mwaka 332 KK, mji uko kisiwani, yeye hana meli za kutosha, basi anaamua kujaza bahari mawe na magogo mpaka afike, wanamchomea minara yake anaanza upya, katikati ya kazi anakubali kwamba bila meli hii haiwezekani anaenda kuzitafuta Sidon na Cyprus anarudi nazo, miezi 7 imeisha ndo mji unaanguka. Hiyo hakuachiwa na baba. Ila inabaki na Gedrosia, mwaka 325 KK, alipolipitisha jeshi lake jangwani na watu wakafa kwa kiu bila adui wa maana mbele yao. Ukianza kutoa unatoa pande zote mbili.

Sasa njoo kwa Hannibal. Agosti 216 KK, Cannae, kusini mwa Italia, Waroma wako zaidi ya 80,000, yeye ana kama 50,000. Ile ramani yenye mishale wengi wameiona, katikati inarudi nyuma, pembeni zinabana, farasi wanafunga mlango kwa nyuma, kazi imeisha. Kwenye karatasi inaonekana rahisi mpaka unajiuliza kwa nini kila mtu hafanyi hivyo. Jaribu kusimama pale katikati lakini. Waliowekwa pale walikuwa Wagauli na Wahispania, na kazi waliyopewa ni kurudi nyuma taratibu huku wanapigana na rundo kubwa la askari wa miguu ambalo Roma ilikuwa haijawahi kulikusanya. Kurudi nyuma huku unapigana ni kazi mbaya kuliko zote, kwa sababu mtu akisharudi hatua moja mwili wenyewe unamwambia arudi kumi, na hao wakikimbia tu Waroma wanapasua katikati, Walibya waliopangwa pembeni wanabaki vipande viwili visivyoonana, na leo tungekuwa tunamcheka Hannibal kwa kuweka watu wachache mbele ya watu wengi. Alilijua hilo. Ndo maana hakukaa kilimani kutazama, alisimama na hao hao wa katikati, yeye na mdogo wake Mago. Wagauli wenyewe walikuwa wamejiunga naye kama miaka miwili tu. Wakarudi, hawakukatika, Waroma wakajaa kwenye ule mfuko mpaka wakabanana kiasi cha mtu kukosa pa kuinulia upanga, na Hasdrubal, kamanda wa farasi wa Hannibal ambaye alishavunja farasi wa Roma upande wake, akazunguka akawaangukia wote mgongoni. Kwa wanahistoria wa kale, Livy anasema Waroma waliokufa ni kama 48,000, Polybius anasema 70,000.

Kwa hiyo kinachobaki kwa Hannibal ukishatoa ni zaidi ya umbo la mishale. Ni kwamba Walibya, Wahispania, Wagauli, Wanumidia na warusha mawe wa visiwa vya Balearic, watu wasiosikilizana lugha na wengi wao wa kulipwa, walikaa naye kama miaka 15 kwenye nchi ya adui na jeshi halikumuasi. Hilo mimi linanishangaza kuliko Cannae yenyewe.

Halafu kuna ile kauli ya Maharbal, kamanda wake mwingine wa farasi, anayoisimulia Livy, kwamba Hannibal unajua kushinda ila kuutumia ushindi hujui, maana yeye alitaka waelekee Roma moja kwa moja. Inanukuliwa kila mahali na mimi naona jamaa aliongea akiwa bado damu inachemka. Roma ilikuwa kama kilomita 400 kutoka pale, ina kuta, na Hannibal hakuwa na mitambo ya kuzibomoa. Kosa lake liko kwingine. Mpango wake wote ulikaa juu ya dhana kwamba akiwapiga Waroma vya kutosha, washirika wao watawakimbia, na ni kweli Capua ikaja, miji kadhaa ya kusini ikaja, lakini Italia ya kati na yale makoloni ya Kilatini wakagoma kuhama, na Roma ikaendelea kuandikisha vijana wapya mwaka baada ya mwaka. Jeshi la Roma alilijua mpaka mifupani, Roma yenyewe hakuijua. Scipio, kamanda wa Kiroma aliyekuwepo Cannae kijana mdogo akanusurika, hakuhangaika kumfukuza Italia, alienda kumnyang'anya Hispania ilikokuwa inatoka fedha na watu, akavuka mpaka Afrika, akampata Masinissa, mtawala wa Wanumidia, na farasi wa Kinumidia, wa aina ile ile waliokuwa wakimbeba Hannibal, na Hannibal akalazimika kurudi nyumbani kuja kupigana Zama, mwaka 202 KK, akiwa na upungufu wa farasi kwa mara ya kwanza. Kwenye hesabu yangu Scipio na Hannibal kwenye pigano wanakaribiana, kwenye kujua vita inahusu nini Scipio anamwacha mbali.

Kuna kitu kingine ambacho mtu akiangalia ramani za mapigano hakioni kabisa, nacho ni tumbo. Askari anakula kila siku, farasi anakula zaidi, na adui unakutana naye mara chache kwa mwaka, kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ya kamanda ni unga, majani, viatu na barabara. Napoleon wa 1805 na Napoleon wa 1812 ni mtu yule yule, akili ile ile, na ukiwaweka pamoja utadhani ni watu wawili. Mwaka 1805 alilitoa jeshi la watu kama 200,000 pwani ya kaskazini ya Ufaransa, akaligawa kwenye kori, yaani majeshi madogo yanayojitegemea, zinazopita njia tofauti ili kila moja ijitafutie chakula chake, lakini zikiwa karibu kiasi kwamba moja ikikamatwa nyingine zinafika ndani ya siku moja au mbili. Mack, jenerali wa Austria, akashtukia amezungukwa Ulm, akasalimu amri Oktoba. Desemba 2, Austerlitz, Napoleon anaacha upande wake wa kulia uonekane dhaifu ili Warusi na Waaustria washawishike kuufuata, huku akijua jenerali wake Davout anakuja kutoka Vienna, watu waliotembea kama kilomita 110 kwa takribani siku mbili. Adui wakashuka kutoka vilima vya Pratzen kumfuata, na kwenye ukungu Soult, jenerali mwingine wa Napoleon, akapanda pale pale walipotoka. Mfumo ule wa kujitafutia chakula unafanya kazi kwenye nchi iliyojaa mashamba na vijiji. Ukiupeleka Urusi, ambako vijiji viko mbalimbali na adui anarudi nyuma tu, farasi wanakufa kwa kula majani mabichi na watu wanaharisha, homa ya chawa inamaliza waliobaki, na makumi ya maelfu walishakwisha kabla ya Borodino, lile pigano kubwa karibu na Moscow, yaani kabla hata ya baridi ambayo kila mtu anaisingizia.

Na hapo hapo kwa Napoleon mtoe Berthier. Huyu alikuwa mkuu wake wa kupanga na kuandika amri, bosi anatoa wazo kwa haraka haraka na Berthier ndo analigeuza kuwa karatasi inayosema kori fulani itoke saa fulani ipite daraja fulani. Wengi walimwona karani tu. Alikufa Juni 1, 1815, akianguka dirishani huko Bamberg, na siku 15 baadaye, Juni 16, kori ya d'Erlon yenye watu kama 20,000 ikashinda mchana kutwa inatembea kati ya Ligny na Quatre Bras, mapigano mawili ya siku hiyo hiyo huko Ubelgiji, kwa sababu ya amri zinazogongana, haikupigana huku wala kule. Ile ndo ilikuwa siku ambayo Napoleon angeweza kuwamaliza Waprusi, na Juni 18 hao hao ndo walimtokea ubavuni Waterloo. Siwezi kusema Berthier angezuia hilo, ila tunapomsifia kamanda mara nyingi tunasifia ofisi nzima.

Wellington, jenerali wa Uingereza, kwa mfano, mapigano yake hayana mvuto sana ukilinganisha na haya, mtu wa kusubiri nyuma ya kilima. Ila mwaka 1810 Masséna, jenerali wa Napoleon, alimfukuza mpaka karibu na Lisbon, akafika akakuta ngome zimejengwa juu ya vilima vyote vya Torres Vedras, kazi iliyoendelea kimya kimya mwaka mzima bila yeye kupata habari, na nchi mbele ya ngome imeachwa tupu. Akakaa mwezi mmoja akiangalia, watu wake wakapata njaa, akarudi. Jeshi la Wafaransa liliharibika pale bila pigano kubwa.

Kipimo ninachokiamini zaidi ya vyote ni siku ambayo mambo yameshaharibika. Mtu anaposhinda kuna mambo mengi yamemsaidia na huwezi kujua lipi ni lake, ila likimwagika unamwona yeye mwenyewe. Khalid bin Walid, mwaka 629, Mu'ta: Zaid bin Haritha ameuawa na bendera mkononi, Jaafar bin Abi Talib ameichukua ameuawa, Abdullah bin Rawaha naye, na Khalid aliyesilimu juzi juzi tu anapewa jeshi la watu 3,000 mbele ya jeshi kubwa mno. Hakushinda. Riwaya zinasema alibadilisha mpangilio, wa kulia wakaja kushoto, wa mbele wakaenda nyuma, ili adui asubuhi aone sura ngeni adhani msaada umefika, halafu akalitoa jeshi taratibu. Walipofika Madina kuna waliowarushia vumbi wakiwaita wakimbiaji, na Mtume akawatetea. Yarmuk ya mwaka 636 ndo inatajwa sana, ila watu wa kushinda Yarmuk sharti kwanza wawe hai.

Grant naye, jenerali wa Kaskazini kwenye vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani, Aprili 6, 1862, Shiloh, alivamiwa asubuhi bila kutegemea, na hilo ni kosa lake hakuna kumtetea, jeshi likasukumwa mpaka mtoni. Usiku mvua inanyesha Sherman, jenerali aliyekuwa chini yake, akaenda kumwona, amekuja kuongelea kurudi nyuma, akamkuta kasimama chini ya mti na sigara mdomoni, akaishia kumwambia tu kwamba leo tumeiona cha moto. Grant akajibu ndiyo, ila kesho tutawachapa. Kesho yake wakawachapa kweli, na sehemu ni kwa sababu askari wa Buell, jenerali mwenzake, walifika usiku ule, kwa hiyo kitoe hicho pia. Kinachobaki ni kwamba kichwa chake hakikuhama.

Lakini mfano ninaoupenda hauna hata risasi. Januari 1954, Dien Bien Phu, bonde la Vietnam ambako Wafaransa walikuwa wamejenga ngome. Võ Nguyên Giáp, mwalimu wa historia aliyegeuka jenerali wa Wavietnam, anafika mstari wa mbele anakuta mpango tayari, washauri wa Kichina wanauunga mkono: shambulia kwa nguvu zote, siku mbili tatu Wafaransa wamekwisha. Mizinga imeshavutwa kwa mikono na kamba kupanda milima ya msituni, vitu vya tani mbili na zaidi, sentimita kwa sentimita, usiku. Askari wako na hamu, siku imepangwa. Na yeye kila akiangalia bondeni anaona Wafaransa wanazidi kujichimbia, na watu wake hawajawahi kushambulia ngome kubwa namna ile mchana kweupe wakiwa na mizinga. Ho Chi Minh, kiongozi wao, alikuwa amemwambia piga kama una uhakika wa kushinda, kama huna acha. Januari 26 akaita wenzake wa kamati akasema tunaahirisha, na mizinga inarudishwa ilikotoka.

Hebu fikiria kuwapa askari habari hiyo. Kuishusha mizinga kwenye mteremko ni hatari kuliko kuipandisha, kamba moja ilikatika na kijana mmoja akajitupa chini ya gurudumu ili kuuzuia mzinga usiporomoke, akafa hapo. Na yote hayo kwa ajili ya kutopigana. Giáp mwenyewe alikuja kusema ulikuwa uamuzi mgumu kuliko wote katika maisha yake ya ukamanda. Wiki zaidi ya sita zilizofuata zilikuwa za kuchimba, mizinga ikafukiwa ndani ya milima ikibaki tundu tu la kutolea mdomo, na chakula kikaja kwa malori, kwa mabega ya watu wasiohesabika na kwa baiskeli zilizofungwa mianzi kwenye usukani, hakuna anayeipanda, mtu anatembea pembeni anaisukuma na mzigo wa kilo 200 au zaidi. Machi 13 wakafungua moto, Piroth aliyekuwa mkuu wa mizinga ya Kifaransa na aliyeahidi kuinyamazisha ya adui akajiua kwa guruneti ndani ya siku chache, na Mei 7 ngome ikaanguka. Kesho yake, Mei 8, huko Geneva ndo mazungumzo ya Indochina yanafunguliwa. Hiyo ndo tofauti na Cannae, hili pigano liliangukia mahali ambapo vita ilikuwa inaamuliwa. Ukitaka kumshusha Giáp unayo njia, alimwaga damu ya watu wake kwa wingi sana pale.

Kuhusu bahati, Adwa inanipa shida kila nikiifikiria. Machi 1, 1896, Ethiopia, Baratieri, jenerali wa Italia, anatuma brigedi zake usiku milimani, ramani ina kosa, kilima cha Kidane Mehret kinachoonyeshwa sicho, Albertone, mmoja wa makamanda wake, anapitiliza mbele peke yake na asubuhi Waethiopia wanazimaliza brigedi moja baada ya nyingine. Pia Menelik, mfalme wa Ethiopia, alikuwa na watu kama 100,000 dhidi ya takriban 17,000. Ukitoa ramani mbovu na idadi utasema hakuna kilichobaki. Ila idadi yenyewe ilitoka wapi? Ras Makonnen, Ras Mengesha, Ras Mikael, mfalme wa Gojjam, wote hao kuwaweka kambi moja, wengine walishapigana wao kwa wao, na bunduki zilinunuliwa kwa miaka, nyingine kutoka kwa hao hao Waitaliano. Januari, Mekelle, ngome ya Waitaliano iliachiwa kwa kukatiwa maji, wazo la Malkia Taytu. Na wakati chakula kinakaribia kuisha kambini, Menelik alijizuia kuvamia mahandaki ya Baratieri, akangoja kiburi cha serikali ya Italia kimsukume mwenzake atoke. Baada ya ushindi hakuingia Eritrea, jambo ambalo wapo wanaomlaumu mpaka leo, mimi nadhani alijua jeshi lenye njaa linaweza kufika wapi.

Kuna mmoja hesabu yangu inamkwama, Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki kwenye vita ya kwanza ya dunia. Tanga, Novemba 1914, watu kama 1,000 wanawarudisha baharini 8,000. Halafu miaka minne anazungushana na majeshi makubwa mno kwake, bila msaada wa maana kutoka nje, anaingia Msumbiji, anatokea Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, anasalimu amri Novemba 25, 1918, Abercorn, wakati Ulaya walishaacha kupigana wiki mbili. Kama askari, ukitoa chochote unachotaka anabaki na mengi. Ukiuliza ya nini, jibu ni kuwachelewesha wanajeshi wa Uingereza wasiende Ulaya, na wengi waliotumwa kumfukuza walikuwa Wahindi na Waafrika ambao wengi wao wasingepelekwa Ulaya kwa vyovyote. Chakula chake kilitoka kwenye maghala ya wanakijiji, mzigo wake ulibebwa vichwani, na pande zote mbili wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, kwa kuhara na kuchoka zaidi kuliko kwa risasi.

Machi 1919 alipita kwenye lango la Brandenburg akishangiliwa. Alikufa 1964, na mwaka huo huo bunge la Ujerumani Magharibi likapitisha malipo kwa askari wake waliokuwa bado hai. Inasimuliwa kwamba wazee walijitokeza Mwanza mamia, wachache wakiwa na karatasi, basi ofisa akawa anampa kila mmoja ufagio na kumwamrisha kwa Kijerumani afanye gwaride la bunduki. Hakuna aliyekosea. Malipo yalikuwa ya askari, wapagazi hawakuwemo.